Pampu ya Upande wa Kulia

Jumanne, 14 Oktoba 1997

Sista wa kliniki amesema niwe nikiandika presha yangu kila ninapopimwa, na nikikasirika niandike kilichonikasirisha. Nikamwambia mimi si mtu wa hasira. Aliandika tu namba: 165 kwa 100.

Mvua imeanza saa nane mchana, mapema kuliko ilivyozoeleka. Redioni wanaiita El Niño.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wafula alituma mtu aniite kwake Kaloleni. Nilivaa mabuti nikatoka Makongeni nikikanyaga matope.

Nieleze kidogo, maana mtu akisoma daftari hili nikiwa sipo asichanganyikiwe. Wafula alikuwa dereva wa gari moshi na mimi nilikuwa fundi wa boila, lile tangi la kutengenezea mvuke, katika karakana. Miaka kumi na minane aliendesha injini moja ya mvuke, na miaka hiyo hiyo kumi na minane mimi ndiye niliyeitengeneza. Pale karakana tuliiita Bibi Mkali, kwa sababu ilimchoma kila aliyeigusa ovyo. Mwaka wa 1980 niliambiwa niikate kwa gesi iuzwe chuma chakavu. Niliikata. Wafula hakuja siku hiyo.

Sasa binti yake Everline, aliye nesi Ujerumani, amemtumia injini ndogo ya mvuke ya kuwekwa mezani. Nilitarajia kitu cha bati. Kumbe ni chuma cha kumimina, ina urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na ukiisukuma, mikono ya pembeni inakwenda na kurudi na magurudumu yanageuka sawa na ya kweli. Imetoka kiwandani imekamilika, nyeusi ya kung'aa, safi kama kiatu cha bwana harusi. Wafula anataka kuifanyia kazi mpaka ifanane na Bibi Mkali: aiongezee mabomba, ribiti za kuungia vipande vya chuma, taa kubwa ya mbele, na ule wavu wa kusukumia ng'ombe nje ya reli.

Mkewe, Nerima, alikuwa akiifuta vumbi ilhali haina vumbi.

Mwanangu Maingi yuko Athi River, hapo karibu tu. Tangu Pasaka hajaleta hata mkate.

Nilikunywa chai nikaondoka. Hakuniomba chochote.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. 170 kwa 105.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepita kwa Wafula kumjulia hali na nimekuta mgeni kwenye meza. Jina lake Mumin, yule Msomali anayetengeneza saa karibu na soko la Burma, kijana wa miaka thelathini na tano hivi. Alikuwa amebandika kioo cha fundi saa jichoni, kibano mkononi, akikunja waya wa gitaa uwe kishikio cha ubavuni mwa boila. Wafula ameketi bega kwa bega naye, akimwambia, "Hapana, kile kilikuwa kinapinda kidogo hapo mbele. Vuta nyuma. Hapo hapo."

Mumin alisimama kunisalimia. "Karibu mzee. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa daktari wa hii mashine."

"Ya kweli," nikasema. "Si hii."

Fundi saa. Mtu ambaye hajawahi kuingia ndani ya boila akiwa amelala chali, masizi yakimwangukia machoni. Ameitwa yeye.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mtaro wa nyuma umefurika. Ndindi ametoa maji jikoni mara tatu. Ndindi ni mke wangu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimerudi kule. Nilijisemea naenda kurudisha mwavuli walioniazima.

Wamepiga ribiti boila nzima. Mumin anachovya ncha ya sindano katika gundi, anaweka tone, anaacha likauke, linabaki limeinuka kama kichwa cha ribiti. Mamia ya matone, yamenyooka mstari. Kisha wakapaka rangi nyeusi iliyofifia, wakasugua unga wa makaa juu ya dohani, bomba la moshi, na chokaa kidogo mahali ambapo maji yalikuwa yakichuruzika kutoka valvu ya usalama. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa ikichuruzika pale pale, na mimi ndiye niliyepigana na huo mchuruziko miaka yote hiyo.

Ni kazi nzuri. Naandika hapa kwa sababu sitaisema kwa mdomo.

Wafula alikuwa akipitisha vidole juu ya zile ribiti taratibu, akitabasamu peke yake. Nilipoingia hakuinua macho. Nilipomsalimia mara ya pili ndipo akageuka, na hata hapo alitazama kama aliyekuwa akiongea na ukuta ulio nyuma yangu. Mtu akiletewa kitu kutoka Ulaya huanza kuona wenzake ni hewa.

Jumatatu, 3 Novemba

Ndindi amenishika leo tukila ugali.

"Baba Maingi, tangu Wafula aletewe ile gari moshi wewe hulali, huli, na unasema juu yake tu."

"Nasema ukweli. Anajivuna."

"Wafula hajivuni. Wewe una wivu."

"Wivu wa nini? Wa mchezo wa watoto?"

Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumamosi, 8 Novemba

Wafula amenipita leo pale njia ya Kaloleni, hatua mbili kutoka kwangu, amemshika Nerima mkono kama bwana harusi. Nerima alikuwa akitazama chini akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga. Mimi nilisimama nikamngoja Wafula aniamkie. Alinipita. Miaka thelathini na mitano ya kujuana.

Jumatano, 12 Novemba

Leo niandike polepole.

Saa tisa mlango uligongwa. Alikuwa Mumin, amelowa mpaka magotini, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Ndindi alimpa taulo na chai. Alikuwa na kipande cha karatasi alichochora injini, pande zote mbili.

"Mzee Matheka, samahani kukusumbua. Tumefika kwenye pampu ya breki. Nimeshaitengeneza, hii hapa." Akafungua kitambaa. Pampu ilikuwa na ukubwa wa kifundo cha kidole changu kidogo, ya shaba, na mabomba mawili membamba yakitoka juu yake. Nilipoiona nilitamani kuiweka mfukoni. "Shida ni kwamba Mzee Wafula anasema ilikuwa kushoto, lakini picha tuliyo nayo imepigwa kutoka mbele, ubavu hauonekani, na mimi siwezi kutoboa boila kwa kubahatisha. Nikitoboa, nimetoboa. Akasema niulize yule aliyeifunga."

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Ndiyo. Alisema, Matheka hawezi kukosea hilo."

Hapo ndipo ningepaswa kulainika. Badala yake nilijisemea: Sasa nakumbukwa. Vishikio wamefanya bila mimi, ribiti bila mimi, hata mchuruziko wangu wamepaka bila mimi, na sasa nimebaki mtu wa kuulizwa swali moja mlangoni kama karani.

Pampu ilikuwa kushoto. Niliishusha na kuipandisha mara zisizohesabika. Ilikuwa kushoto, upande wa fayamani, yule wa kuchochea moto, na kila fayamani aliyepanda Bibi Mkali alilalamika kwamba kelele yake inamtoboa sikio.

"Kulia," nikasema.

"Una hakika, mzee?"

"Mimi ndiye niliyeifunga au wewe?"

Aliandika alama kwenye karatasi yake upande wa kulia. Akanishukuru kwa mikono miwili. Ndindi alimsindikiza mpaka kwenye kona na mwavuli.

Alhamisi, 13 Novemba

175 kwa 110. Sista ameniuliza kama naandika. Nimesema naandika.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimesikia kwamba wameshatoboa. Mashimo manne.

Jumamosi, 22 Novemba

Wafula amewaalika wazee wa zamani wa reli waje waione tarehe sita mwezi ujao. Mimi pia nimealikwa. Nimefikiria jinsi itakavyokuwa. Mmoja wao lazima atakumbuka. Atasema, "Hii pampu mbona iko huku?" na fundi saa atatafuta pa kuweka uso. Kisha watanigeukia mimi, na mimi nitasema sijui alisikia vipi, labda mvua ilikuwa ikipiga bati. Nimeipanga mpaka na sauti nitakayotumia.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua siku ya nne bila kupumzika. Ibada imehudhuriwa na watu kumi na mmoja.

Jumamosi, 6 Desemba

Tulikuwa wazee sita. Nerima alipika kuku na chapati. Injini ilikuwa katikati ya meza juu ya kipande cha reli alichochonga Mumin kwa mbao, na naweza kusema haya sasa: ilikuwa Bibi Mkali. Ilikuwa na kutu pale palipokuwa na kutu. Namba yake ya shaba iliandikwa kwa mkono. Mzee mmoja aliyekuwa mpiga breki alivua kofia.

Hakuna aliyesema kuhusu pampu. Walitazama, wakasifu, wakakumbuka ajali za ng'ombe na mafuriko ya mwaka wa sitini na moja. Nikaanza kuona kwamba mpango wangu umekufa, kwamba hawa wazee wamesahau, na Mumin ataondoka hapa na sifa zake zote.

Ndipo Wafula akasema, "Ngojeni niwape matembezi."

Aliweka vidole mbele, kwenye ule wavu wa ng'ombe, akaanza kurudi nyuma. Taa. Dohani. Alitaja kila kitu kabla vidole havijafika, kama mtu anayepita nyumbani kwake. Mkono wa kushoto ulishuka ubavuni mwa boila, ukatafuta. Ukarudi. Ukatafuta tena.

"Pampu iko wapi?"

"Kulia, mzee," Mumin akasema. "Tulikubaliana, unakumbuka? Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilidhani nikiishika nitakumbuka." Mkono wake wa kulia ukaipata. Akaishika muda mrefu. "Lakini kama ilikuwa kulia, ilikuwa upande wangu, wa dereva. Na mbona ni fayamani ndiye aliyelalamika kelele?" Akageuza uso, lakini si kwangu hasa. "Matheka yuko wapi? Matheka, wewe uliifunga. Ilikuwa upande gani?"

Wote walinitazama. Mumin alinitazama bila wasiwasi wowote, kwa sababu alikuwa na hakika nami.

"Kulia," nikasema.

Wafula alitikisa kichwa polepole. "Basi," akasema. "Macho yameondoka, na sasa kichwa nacho kimeanza."

Wazee waliacha kutafuna. Nerima ndiye aliyesema, akiwa amesimama mlangoni na birika. Jicho la kulia la Wafula halioni tangu Agosti. La kushoto linaona mwanga tu na vivuli vya watu, na daktari amesema halitafika Pasaka. Ni presha ya macho, imemla kimya kimya. Walikuwa hawajataka kutangaza. Everline alituma injini kwa sababu baba yake alimwambia kwa simu kwamba anataka kitu atakachoweza kukishika wakati picha zitakapokuwa hazina kazi. Ndiyo maana ya ribiti zilizoinuka. Ndiyo maana kila kitu kilipaswa kuwa mahali pake.

Nilikula kuku. Sijui nilikulaje.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimesoma ukurasa wa tarehe kumi na sita Oktoba. Niliandika kwamba hakuniomba chochote. Si kweli. Wafula alisema hivi: "Matheka, nilifikiri mimi na wewe tuikalie, jioni jioni, mpaka itoke sawa." Na mimi nilicheka nikasema, mzee mzima hakalii mchezo wa watoto, tafuta mtu mwingine. Akasema sawa. Akatafuta mtu mwingine.

Hilo nililiacha. Hata kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna anayelisoma.

Na siku ile njiani hakunipita kwa kiburi. Hakuniona.

Jumanne, 9 Desemba

Ndindi alikwenda kumsaidia Nerima kuanika nguo ndani. Amerudi amekaa kimya, kisha akasema Wafula hataki tena kuishika ile injini. Imefunikwa. Anakaa karibu na dirisha, na jana alimwuliza Nerima walioana mwaka gani. Nerima alipomwambia, akauliza, "Una hakika? Mimi nilikuwa na mwaka huo huo, lakini siamini tena ninachokumbuka." Anajipima hivyo siku nzima. Jina la shule yake. Vituo vya reli kutoka hapa mpaka Malaba, na akimaliza anaomba mtu amwambie kama ni sahihi.

Ndindi aliniambia haya huku akikunja shuka. Hakujua anamwambia nani.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekwenda asubuhi. Nerima alinifungulia akaenda jikoni. Wafula alikuwa dirishani na blanketi magotini.

"Nani?"

"Matheka."

"Karibu. Kaa hapo kwenye mwanga, labda nitakuona kivuli."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kutangulia, habari za mvua na za Maingi. Hayakuja.

"Wafula, pampu ilikuwa kushoto."

Aligeuza sikio upande wangu. Nilisikia Nerima akimimina maji.

"Umekumbuka leo?" akauliza.

"Sikuwahi kusahau."

"Mumin alipokuja kwako?"

"Nilijua."

"Na mbele ya wazee?"

"Nilijua pia."

Alivuta blanketi juu ya magoti. Kisha akaanza, polepole, na mwanzoni sikuelewa anafanya nini. "Tangi la mchanga lilikuwa juu, nyuma ya dohani."

"Ndiyo."

"Filimbi ilikuwa na ufa. Ililia sauti mbili."

"Ndiyo. Niliiunganisha mara tatu."

"Mlango wa moto ulikuwa unakwama ukishapata joto."

"Ndiyo."

"Na fayamani alilalamika kelele."

"Kila mmoja wao. Hukukosea hata kimoja, Wafula. Kichwa chako ni kizima."

Akaufunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, na nilidhani ni hasira, lakini alipoondoa mikono alikuwa amelowa machozi na amelegea kama mtu aliyetuliwa gunia. Alishusha pumzi mara kadhaa. Hasira ilikuja baadaye.

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wa injini?"

"Wa injini. Wa binti yako. Wa Mumin kukaa pale ambapo ningekaa mimi. Na wa zamani pia. Miaka kumi na minane watoto wa kila kituo walikupungia mkono wewe, na mimi nilikuwa shimoni chini ya injini."

Alifikiri. "Matheka, mimi sikuwahi kupanda ile injini asubuhi bila kuuliza kwanza ni nani aliyeifunga. Wakisema ni wewe, napanda. Wakisema ni mwingine, nakagua mwenyewe. Nilidhani ulikuwa unajua."

Sikuwa najua. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nilikaa siku tano hapa," akasema, "nikiaga akili yangu. Macho nilishayaaga, nikasema nitabaki na kichwa. Ukanifanya nikiage nacho." Sauti yake haikupanda. "Mumin utamwambia wewe mwenyewe. Halafu sitaki kuisikia sauti yako kwangu wiki hii."

Nerima alikuwa amesimama na vikombe viwili. Alinipisha nikatoka. Hakunipa mkono.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemkuta Mumin kwenye meza yake karibu na Burma, chini ya turubai, mvua ikichuruzika kando, moshi wa nyama choma ukituingia. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kurudisha gurudumu dogo ndani ya saa ya mtu.

"Mzee, mimi nilikuwa nawaambia watu kuna mzee Makongeni ukimwuliza jambo la chuma hakosei."

Nikashika nguzo ya turubai.

"Wewe ulisema neno moja tu. Mashimo nimetoboa mimi. Kila nikifumba macho namwona akitafuta pampu kwa mkono wa kushoto, na mimi nikimwambia kwa adabu kabisa kwamba amekosea." Akaondoa kioo jichoni. "Nimekasirika sana, mzee. Nakuambia usije ukadhani nimenyamaza kwa sababu ya heshima."

"Sawa."

"Pampu nitahamisha mimi. Yale mashimo utaziba wewe. Si unajua kuziba boila."

Alhamisi, 18 Desemba

Wiki ya Wafula imeisha leo. Nilikwenda na tupa, nyundo ndogo na kipande cha shaba.

Nilichonga vijiti vinne, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Vidole vyangu ni vya boila ya tani nyingi, vilinisumbua. Kimoja kilianguka nikakitafuta sakafuni kwa magoti. Mumin alikaa upande wa pili akifunga pampu kushoto, na hatukuzungumza ila "nipe kibano" na "shika hapo." Nikavipigilia, nikavilaza vichwa kwa nyundo kama tulivyokuwa tukiziba boila ya kweli iliyochoka. Nilipotaka kuvisugua viwe sawa na chuma, Wafula alisema, "Acha viinuke kidogo."

Sikuuliza kwa nini.

Kisha akaweka mkono wa kushoto ubavuni mwa boila, na pampu ilikuwepo. Alicheka. Akamshika Mumin begani akamwambia, "Asante, mwanangu." Kwangu hakusema kitu. Nilihisi ule wivu ukinyanyuka tena, mzima, kama vile hakuna kilichotokea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumepiga kura, foleni ndefu, mvua. Nerima alimshika Wafula mkono mmoja, mimi mwingine. Alinikubalia.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Mchungaji wao mpya alikuja kumtembelea Wafula. Tulikuwepo mimi na Mumin, kwa sababu siku hizi Jumamosi tunakuwepo. Mvua ilikuwa imepungua na Nerima alikuwa amefungua madirisha.

Wafula sasa haoni hata kivuli. Aliichukua injini magotini, akamfundisha mchungaji kuisoma. Alimwambia afumbe macho, akamwongoza kidole kutoka mbele hadi nyuma, akimtajia kila kitu, na hakukosea hata kimoja. Walipofika ubavu wa kulia mchungaji akasimama.

"Hapa kuna vitu vinne vimeinuka. Hizi nazo ni ribiti?"

"Hapana. Hapo boila ilitobolewa pasipostahili, ikazibwa."

"Imezibwa vizuri sana. Ni nani aliyeiziba?"

"Fundi wa boila."

"Na aliyeitoboa?"

Mumin alitazama kikombe chake.

"Huyo huyo," Wafula akasema.

Mchungaji alicheka, akidhani ni utani. Wafula hakucheka. Aligeuza uso mahali nilipoketi, hasa hasa, kana kwamba ananiona, akanyoosha mkono.

"Matheka," akasema, "nipe sukari."

Nikampa.